Vitwitwi wa Mida ni Wenyeji

Vuli ikiingia na ndege kuzidi kwenye matope ya Mida, karibu na Watamu, maelezo ni yaleyale: hao ni ndege wa Ulaya, wamekimbia baridi, mwezi wa nne watarudi kwao. Maelezo hayo si sahihi, na madhara yake ni makubwa.

Tuanze na baridi. Kuna kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye huzaliana kwenye tundra ya Siberia. Dume huondoka huko mapema Julai, jua likiwa halijaanza kuzama, jike akiwa bado na mayai au makinda. Baridi gani hiyo anayoikimbia? Agosti, kusi ingali inavuma, wakubwa wameshafika pwani yetu. Wadogo hufuata baadaye, bila mzazi wa kuwaongoza. Huku hukaa miezi minane hivi, Siberia miwili au chini. Na wengi wa wale wadogo, Mei ikifika, hawaendi popote.

Ulaya nayo inatajwa kwa mazoea tu. Wengine hapa Mida wametoka Asia ya Kati na nyanda za juu za Tibet. Yule mrefu mweupe mwenye mgongo mweusi, mla kaa, hutoka visiwa vya Ghuba na Bahari ya Shamu, anakotagia kwenye mashimo aliyochimba mchangani. Mwangalie Novemba maji yakipwa: anamdaka kaa kwa mdomo mnene, anampondaponda, na nyuma yake kinda wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, analia akidai chake. Analishwa. Malezi yanaendelea hapa, kwenye tope letu.

Wapo watakaosema kwao ni pale walipozaliwa. Sawa, lakini mafuta ya mwilini yanayowaondoa pwani hii Aprili hutokana na minyoo na kaa wa hapa. Tope likiharibika, Siberia haitawaokoa.

Anayeamini ndege hawa ni wa watu wengine huliona tope kuwa ardhi tupu, mahali pa kumwaga taka na kufyeka mikoko. Watu wa Mida wana sababu ya kukataa: kupitia mpango wa ASSETS, ulioanza 2001, kiingilio cha njia ya mbao iliyoning'inia katikati ya mikoko kimesaidia kulipa karo za sekondari za watoto wao.