Nusu Sahani si Nusu Heshima

Tangu mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wananchi wa nchi hii tumekwisha kuandika mengi juu ya ngoma, lugha, mavazi, vinyago na majina. Juu ya sahani tumeandika machache. Na hata pale tulipoiandika, tumetazama kilichomo ndani yake: kama ni ugali au wali, kama ni chakula cha asili au cha kigeni. Kiasi chake hatukukitazama. Katika makala haya tunakusudia kuzungumza juu ya kiasi, tena kiasi cha mlaji mmoja ambaye migahawa yetu imemsahau. Mlaji huyo ni mzee.

Hebu tumtazame mzee aliyetoka kijijini alfajiri kwenda hospitali ya mkoa. Saa saba mchana amekwisha kumwona daktari, na basi la kurudi litaondoka saa tisa. Anaingia katika mgahawa ulio karibu na kituo. Mhudumu, binti mwenye adabu zake, anamwamkia shikamoo, anamvutia kiti na kumnawisha mikono. Mpaka hapo utamaduni wetu umesimama imara. Kisha mzee anasema, "Mjukuu wangu, nipunguzie wali, mimi si mlaji." Binti anajibu, "Babu, sahani ni hiyo hiyo, na bei ni hiyo hiyo." Sahani inakuja na mlima wa wali, na pembeni kipande kidogo cha nyama. Mzee anakula matonge sita au saba, anashiba, anaitazama sahani iliyobaki, anaona haya. Safari nyingine atakapokwenda hospitali hataagiza chakula. Ataagiza chai na andazi, na atasema kwamba hana njaa.

Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo lisilostahili makala. Sisi tunasema si dogo hata kidogo. Heshima inayoishia katika shikamoo na kunawisha mikono, ikashindwa kufika katika chakula chenyewe, ni heshima ya mlangoni. Tena andazi lile si mlo. Ni unga wa ngano, sukari na mafuta. Mzee anayejinyima sahani kwa kuogopa ukubwa wake anaondoka mezani bila kile ambacho mwili wake unakihitaji zaidi kuliko mwili wa kijana.

Maana mwili wa mzee una kanuni zake. Umri unapoendelea, tumbo huchelewa kukipeleka chakula katika utumbo, kwa hiyo shibe huja mapema. Pua na ulimi hupoteza makali yake, na chakula kilichokuwa kitamu huonekana kimepooza. Meno hupungua, na baadhi ya dawa hukausha mate au huondoa hamu ya kula. Wakati huo huo misuli nayo hupungua. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wengi hawalijui: mzee huhitaji chakula kidogo cha kutia nguvu, lakini mahitaji yake ya protini, yaani chakula cha kujenga mwili, hayapungui. Wataalamu wengi wa lishe wanashauri mzee mwenye afya apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, hali kijana huambiwa kwamba gramu 0.8 zinamtosha. Mzee mwenye kilo 55 basi anahitaji gramu 55 hadi 66, na yai moja lina gramu kama 6 tu. Mwenye maradhi ya figo atafuata agizo la daktari wake. Kwa wengine wote, sahani ya mzee yafaa ipunguzwe wali au ugali, isipunguzwe kitoweo. Sahani ya migahawa yetu imekwenda kinyume kabisa: wali mlima, nyama kipande.

Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na mwaka huo huo redio iliwakusanya watu katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Elimu ya lishe imeenea sana tangu siku hizo. Leo hata mtoto wa shule ya msingi aweza kueleza chakula kinachomfaa mama mjamzito na mtoto anayeachishwa ziwa. Lakini mwulize mtoto huyo chakula kinachomfaa bibi yake, atanyamaza.

Je, wahenga wetu hawakulijua jambo hili? Walilijua, ila hawakuhitaji kulisema, kwa sababu sinia lililisema kwa niaba yao. Katika nyumba nyingi za pwani na za bara, watu walikula pamoja, sinia moja au chungu kimoja. Mkubwa alianza, wadogo wakafuata. Nyama haikuguswa mpaka mkubwa ameigawa. Mwenye njaa alikula sana, mwenye shibe alinawa mapema, wala hapakuwa na mtu aliyehesabu matonge ya mwenziwe. Zaidi ya hayo, mzee alipoinuka mapema hakuacha hasara. Aliacha fungu la wajukuu. Watoto waliokaa kando wakimngoja babu amalize walijua kwamba kile alichokibakiza ni zawadi. Uchache wa hamu yake uligeuka kuwa ukarimu.

Sasa tazama kilichotokea tulipotoka kwenye sinia tukaingia katika sahani ya mtu mmoja mmoja. Tonge lile lile lililokuwa zawadi ya mjukuu limekuwa uchafu wa ndoo. Mzee yule yule aliyekuwa mkarimu kwa kula kidogo ameonekana mharibifu wa chakula. Yeye hakubadilika. Chombo ndicho kilichobadilika, na sisi tulikipokea chombo kipya bila kujiuliza ni nani atakayeumia.

Hatusemi kwamba sahani ile ilibuniwa kwa nia mbaya. Hoteli ndogo za mjini na vibanda vya mama lishe vilikua kwa kuwalisha wapakuzi wa mizigo, wavuta mikokoteni, mafundi wa ujenzi na utingo wa malori. Watu hao hufanya kazi za sulubu, na sahani iliyojaa ni haki yao. Mama lishe anayewashibisha kwa bei nafuu analitumikia taifa. Kosa ni kuchukua kipimo cha mpakuzi wa mizigo wa miaka 25 na kukifanya kuwa kipimo cha kila binadamu aketiye mezani.

Tena ni kosa la ajabu, kwa sababu biashara yetu haijapata kushindwa kugawa. Babu zetu walikuwa na pishi, na pishi iligawanyika vibaba vinne, na kibaba nacho kikawa na nusu. Duka la mtaani leo huuza sukari robo kilo, mafuta ya kula kwa kipimo kidogo, mkate nusu na kitunguu kimoja. Mchoma nyama hukata nusu kilo, na muuza kuku hutoa robo. Mwenye duka hamwambii mnunuzi wa robo kilo ya sukari kwamba amekosa adabu. Iweje basi kila kitu kigawanyike tangu sokoni mpaka jikoni, kisha kifikapo katika sahani kiwe jiwe lisilopasuka?

Zipo hoja zinazotolewa kupinga fikra hii, na haifai tuzikimbie.

Hoja ya kwanza ni ya heshima. Husemwa kwamba kumpakulia mzee kidogo ni kumdharau. Mgeni wa Mwafrika hujaziwa. Tunakubali kwamba mwenyeji hujaza. Lakini mwenyeji hujaza sinia, na mgeni hula kiasi chake, kinachobaki kikaliwa na wengine. Kumjazia mtu sahani ambayo hakuna mwingine atakayeila, kisha kumlipisha yote, huko ni kuuza tu. Tusiuvike uuzaji kanzu ya ukarimu.

Hoja ya pili ni ya gharama, nayo ina ukweli ndani yake. Mwenye mgahawa husema kwamba mkaa, kodi ya chumba na ujira wa mhudumu havipungui kwa kuwa mlaji amekula kidogo. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme sahani inauzwa shilingi 3,000: nyama shilingi 900, wali 600, maharage na mboga 300, na shilingi 1,200 zilizobaki ni mkaa, kodi, ujira na faida. Mzee akipunguziwa wali kwa nusu na kuachiwa nyama na maharage yake kamili, kinachookolewa ni shilingi 300, na bei ya haki ni shilingi 2,700. Hatudai basi kwamba nusu sahani iuzwe nusu bei. Atakayedai hivyo anamdhulumu mama lishe. Tunadai tu kwamba kilichopunguzwa katika sahani kipunguzwe katika bei, au badala yake kiongezwe kijiko cha maharage au kipande cha samaki. Hakuna hasara hapo kwa mtu yeyote.

Hoja ya tatu ni kwamba vijana nao wataomba sahani ndogo. Na waombe! Mwenye kuomba kidogo na kulipia kidogo amemwibia nani? Kijana mwenye njaa hataridhika na nusu ya wali kwa ajili ya kuokoa shilingi 300. Ataagiza kamili, na pengine ataongeza.

Hoja ya nne ni kwamba mzee afungiwe kilichobaki akachukue nyumbani. Kwa anayeishi jirani na mgahawa, shauri hilo si baya. Lakini mzee wetu wa hospitali ana safari ya saa nne ndani ya basi lenye joto. Wali uliofungwa saa nane mchana utafika umechacha, na pengine utamrudisha hospitali kwa maradhi mengine.

Wako pia watakaotushauri tuige wenzetu wa ng'ambo. Katika Marekani migahawa mingi ina orodha maalumu ya vyakula vya wazee, vyenye kiasi kidogo na bei pungufu, na umri wa kustahili huandikwa, mara nyingi miaka 55 au zaidi. Shabaha yao ni njema, lakini namna yao si lazima iwe yetu. Si vizuri mzee aulizwe umri wake ndipo apewe chakula, wala hatutaki ubao ukutani wenye maneno "chakula cha wazee", ambao mtu mzima atauonea haya mbele ya watu. Kwetu sisi yatosha vipimo viwili viandikwe kwa kila chakula, kamili na nusu, na kila mmoja achague bila kutoa sababu. Aliyetoka kuugua atafaidika, na mama aliye na mtoto mdogo pia. Mzee atakuwa mmoja wao, bila kunyoshewa kidole.

Mambo tunayoyataka, basi, ni matatu. La kwanza, mhudumu amwulize mlaji kabla ya kupakua: "Nikupakulie kamili au nusu?" Neno hilo halina gharama. La pili, nusu iwe nusu ya wali, ugali au ndizi. Kitoweo kibaki, nacho kipikwe kiive laini kwa ajili ya meno yaliyopungua. La tatu, bei iandikwe wazi, ili mzee asilazimike kubembeleza.

Hatuzungumzi juu ya watu wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.5, na watu wote wa nchi wameongezeka tangu hapo kutoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7 katika sensa ya mwaka 2022. Katiba ya mwaka 1977 imetaja haki ya mtu kusaidiwa na jamii wakati wa uzee. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wenye miaka 70 na zaidi. Hayo ni mambo makubwa ya serikali. Lakini hapana sera inayoweza kushika upawa. Upawa uko mkononi mwa mwananchi.

Kwa hiyo tunawageukia walimu na wanafunzi. Mwalimu wa sayansikimu afundishe sahani ya bibi pamoja na sahani ya mtoto. Mwalimu wa hisabati aitumie hesabu yetu ya shilingi 3,000, na wanafunzi waende kwa mama lishe wa mtaani mwao waulize bei za kweli, wairekebishe. Na mwanafunzi atakayesafiri na babu yake asimwache abembeleze peke yake. Aseme kwa niaba yake, kwa adabu na bila haya: "Mama, tunaomba nusu, na kitoweo kamili."

Wahenga walisema kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Tumezoea kuitumia methali hiyo tunapotaka hekima ya wazee. Ni haki pia tukumbuke kwamba jungu hilo linahitaji kulishwa, tena kwa kipimo chake.