Tenti ya Juu ya Gari Haihitaji Duka Lingine, Inahitaji Fundi

Wasee, leo tuongee ukweli kidogo. Kama unauza vifaa vya kambi, najua hutafurahi.

Kila wikendi nikifungua simu napata video ile ile. Jamaa amefika Naivasha, gari imeoshwa ikang'aa, tenti imefunguka juu ya paa, kahawa iko kwa kikombe cha chuma. Mandhari safi. Halafu inaanza ile orodha: mkeka wa chini ya godoro nilinunua hapa, mfuko wa viatu nilinunua hapa, taa nilinunua hapa, kamba maalum za kufungia nilinunua hapa. Ukijumlisha hivyo vitu vidogo vidogo unapata kodi ya bedsitter ya miezi kadhaa, na hatujaongea kuhusu tenti yenyewe. Na wewe uko Umoja ama Rongai, umelala kwa kitanda unatazama, unajiambia hayo maisha si ya watu kama sisi.

Hapo ndipo nakataa. Mbogi yenu ikichanga na kukodisha Probox yenye tenti juu, ama mjomba wako akiwa na moja ya mitumba, karibu kila kitu kinachoifanya ilalike vizuri kinaweza kutengenezwa na wewe na fundi wa mtaa. Anayekwambia lazima ununue "orijino" anakuuzia woga.

Kwanza, historia iko upande wetu. Maggiolina, tenti maarufu ya paa kutoka Italia, ilizaliwa 1958, na ilikuwa bidhaa ya kiwandani kweli. Lakini miaka ya 1970, Ujerumani Mashariki, jamaa anaitwa Gerhard Müller alijitengenezea tenti ya kuweka juu ya Trabant. Trabant ni kigari chenye injini isiyofika hata sisi 600, na bodi yake ni ya plastiki ngumu iliyochanganywa na pamba. Watu wakaiona, wakaitaka, akaanza kuwatengenezea. Hakungoja duka limruhusu. Kwa hivyo usiniambie kujitengenezea ni tabia ya Gikomba peke yake. Na hata ingekuwa, kwani Gikomba ina shida gani?

Sasa tuingie kwa vitu vyenyewe.

Adui mkubwa wa tenti ya paa ni unyevu. Watu wawili wakilala humo usiku mzima wanapumua na kutoa jasho, na huo mvuke lazima uende mahali. Nanyuki ama Naivasha usiku ni baridi, na sakafu ya tenti inapigwa na upepo kutoka chini. Mvuke ukigusa sakafu baridi unageuka maji. Asubuhi unainua godoro unapata limelowa, unadhani tenti inavuja. Haivuji. Hayo maji ni yako. Dawa yake ni kuacha pengo la hewa kati ya godoro na sakafu. Maduka yanakuuzia mkeka maalum wa hiyo kazi. Wewe enda utafute zile za kupangusia miguu mlangoni, za plastiki, zenye nyuzi zimejikunja kama noodles. Kata kwa saizi, tandika, weka godoro juu. Halafu fungua madirisha mawili yanayotazamana, hata kidogo tu, ili hewa ipite. Ukifunga kila kitu kwa sababu ya baridi utaamka umelowa, hata kama mkeka wako umetoka Ulaya.

Zipu. Vumbi la Magadi linaingia kwa meno ya zipu mpaka inakwama, watu wanavuta kwa hasira, inararuka. Chukua mswaki wa zamani, sugua vumbi litoke, kisha pitisha mshumaa kwenye meno. Mshumaa tu, ule wa stima ikipotea.

Kufunga tenti asubuhi. Turubai linachomoza pande zote, mnasukuma watu watatu mkigombana. Zungusha kamba ya mpira katikati ya tenti kabla hujaishusha, itavuta kitambaa kiingie ndani chenyewe. Mpira wenyewe uko kwa kila steji ya boda, ule wa tyubu wanaofungia mizigo. Ngazi ikiteleza kwa mwamba, ipigilie vipande vya tairi miguuni, mpira ule ule wa akala. Mfuko wa viatu, mpelekee fundi anayeshona viti vya matatu. Huyo mtu anashona ngozi nzito inayokaliwa na abiria kuanzia alfajiri mpaka usiku. Mfuko wa turubai ni kazi ya dakika chache kwake.

Taa je? Taa ya LED ya wati 5 kwa volti 12 inakula kama ampea 0.4. Iwashe masaa matano, umetumia ampea-saa 2 hivi, na gari itawaka asubuhi bila kusukumwa. Lakini ukivuta waya kutoka kwa betri, weka fyuzi, na iwe karibu kabisa na betri, si kule juu kwa taa. Waya ukichunwa na chuma katikati ya safari, fyuzi ndiyo inakata stima kabla moto haujaanza. Kama hujui kuunganisha, tumia power bank na uachane na betri ya gari. Hakuna aibu.

Najua mnachotaka kusema. "Ukiigusa unapoteza waranti." Soma tena: katika yote niliyotaja, hakuna mahali nimekwambia utoboe tenti. "Vitu vya jua kali havidumu." Bodi za matatu unazopanda kila siku zimeundwa hapa hapa na mafundi wetu, zinapiga hizo matuta miaka na miaka. "Basi hiyo ni kuishi kimaskini." Hapana, ni kujua kitu chako kinavyofanya kazi. Aliyenunua kila kitu, kikiharibika Loiyangalani katikati ya upepo, atafanya nini? Atapiga simu kwa duka la Nairobi?

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu kuna wenzangu wa "jitengenezee" wanaofanya niogope. Kuna mambo ambayo si ya kubahatisha.

La kwanza ni uzito. Gari nyingi ndogo zinaruhusiwa kubeba kitu kama kilo 50 hadi 100 juu ya paa zikiwa zinatembea, kila modeli na namba yake kwenye kitabu cha gari. Tenti nyingi ni kilo 50 kwenda juu. Ongeza keria ya chuma ya kilo 20, umeshafika 70 kabla hujaweka hata blanketi. Gari ikisimama, paa linahimili mara kadhaa ya hapo, ndiyo maana mnaweza kulala wawili na lisibonyee. Lakini kwa kona ya Mai Mahiu uzito wote huo uko juu na unataka kuiangusha gari. Kwa hivyo ukiona msee amechomelea vyuma vya ziada kwa keria ili ipendeze kwa video, huyo hajaboresha kitu. Ameongeza hatari na akaipiga picha.

La pili ni bolti. Keria na tenti vinashikana na gari kwa bolti chache sana. Barabara ya mawimbi inazilegeza polepole bila kelele. Tumia zile nati zenye plastiki ndani, kisha chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwa nati hadi kwa chuma. Kila mkisimama, angalia. Mstari ukivunjika, nati imezunguka, kaza kabla hamjaendelea. Tenti ikitoka kwa paa kwenye barabara kuu, inamwangukia mtu wa nyuma, na huyo hakuwa kwa mchango wenu.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Usiwahi kuingiza jiko la makaa ndani ya tenti, hata kama limebaki majivu mekundu tu, hata kama ni dakika tano za kupasha joto. Makaa yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Hutakohoa, hutashtuka. Utasikia usingizi, na huo usingizi ndio shida. Gesi ya kupikia pia ibaki chini, nje. Ukisikia baridi, ongeza blanketi, vaa soksi mbili, weka maji moto kwa chupa na ulale nayo. Hapa sina mjadala na mtu yeyote.

Kwa hivyo wenzangu wa kontenti, mkitaka kusaidia watu, acheni kuonyesha risiti. Onyesheni sehemu ya chini ya godoro asubuhi. Onyesheni nati zenu. Onyesheni fundi aliyewashonea, mumtaje na mumlipe vizuri, asiwe tu mtu wa nyuma ya picha. Na nyinyi mnaotazama: kabla hujauliza mkeka wa duka ni pesa ngapi, inua godoro uone kama hewa inapita, kisha uende kwa fundi na vipimo mkononi. Hii nchi ina milima, maziwa na jangwa, na si mali ya wenye orodha ndefu.