Wapagazi Wasio na Majina
Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, askari wa shaba ameelekeza singe yake bandarini tangu 1927. Sanamu hiyo huwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi, waliobeba risasi na unga vichwani, waliuawa zaidi na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Mzigo ukishatuliwa, mbebaji husahaulika: makaburi ya maofisa wa Kizungu yalichongwa majina, ya wapagazi wengi hayakuwekewa hata alama. Huo haukuwa usahaulifu, ulikuwa ubaguzi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo na kuomba radhi mwaka 2021.