Wanaisimu Wetu Wasiwe Wachumaji Tu

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma, uliodumu siku 49 kati ya Septemba na Novemba 2025, ulinikuta nyumbani Londiani nikichimba viazi. Jirani yangu, mzee ambaye namheshimu sana, alisimama kando ya ua akaniuliza: "Mwalimu, binti yangu ameitwa chuo kikuu kusoma isimu. Wewe uliyeisoma hadi ukaitwa daktari, mbona unachimba viazi siku ya Jumatatu?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Naomba nilijaribu hapa, kwani najua wazazi wengi wanajiuliza lilo hilo.

Njia tuliyoipita sisi ilikuwa moja tu: uzamili, uzamifu, kisha kufundisha. Njia hiyo imeota magugu. Mgomo wenyewe ulihusu shilingi bilioni 7.9 ambazo wahadhiri walikuwa wakidai kutokana na mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021. Vijana wenye shahada za uzamifu wanafundisha kwa vibarua, wakilipwa kwa somo, tena baada ya kungoja sana. Sitamdanganya mzazi yeyote kwamba huko kuna neema.

Hata hivyo, mlango wa pili umefunguka, nao ni teknolojia ya lugha. Kampuni ya IBM ilifungua maabara yake ya utafiti jijini Nairobi mwaka 2013. Mtambo wa kutafsiri wa Google uliingiziwa Kiswahili mwaka 2009 na Kijaluo mwaka 2024. Wasomi wa Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walikusanya hazina ya Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya iitwayo Kencorpus, yenye maneno takriban milioni 5.6 pamoja na saa 177 za sauti. Baadaye ukaja mradi wa African Next Voices, uliofadhiliwa na Wakfu wa Gates kwa dola milioni 2.2, ambao mwaka 2025 ulitoa takriban saa 9,000 za sauti kutoka Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Safari hii Kikalenjin nacho kimo.

Hizo ni habari njema na waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi. Swali langu ni hili: katika shughuli yote hiyo, mwanaisimu wetu kijana anapewa kazi gani? Mara nyingi hupewa simu ya kurekodia, akatumwa vijijini, akalipwa kwa saa za sauti alizoleta. Ufadhili ukiisha, naye amekwisha. Kuna hata waliofanya kazi duni zaidi. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa kuchambua maandishi machafu ili mtambo wa ChatGPT ujifunze kuyaepuka.

Sisi wa nchi ya chai tunalifahamu jambo hili bila kuelezwa. Majani huchumwa hapa, yakapelekwa mnadani Mombasa, na sehemu kubwa husafirishwa bila kupakiwa, yakachanganywa na kupewa jina huko ng'ambo. Mchumaji ndiye mwenye fungu dogo kuliko wote. Tena mashine za kuchumia zilipoingia, alikuwa wa kwanza kuachishwa kazi, hata mwaka 2023 mashine kadhaa zikateketezwa kwa hasira.

Huenda msomaji akauliza kama mwanaisimu ana lolote la kufanya zaidi ya kuchuma. Analo, tena zito. Chukua lugha ya Kipsigis, yenye wasemaji wapatao milioni 1.9 kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019. Kitenzi hutangulia, na majina mawili yanayofuata yaweza kubadilishana nafasi. Kinachoonyesha nani ametenda na nani ametendwa ni toni. Toni hiyo haiandikwi. Aidha, herufi tano za irabu zinabebeshwa irabu zaidi ya kumi tukihesabu na urefu wake. Basi mashine ikilishwa maandishi matupu, itajuaje kama mtu ndiye aliyemuua chui au chui ndiye aliyemuua mtu? Ukirundika saa za sauti bila mtu anayeijua mifumo hiyo, unalipia makosa yale yale mara elfu.

Wala si kwamba wajuzi hatukupata kuwa nao. Marehemu Dkt. Taaitta Toweett, mwana wa Kericho aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, alichapisha kitabu cha isimu ya Kikalenjin mwaka 1979. Miaka 40 baadaye, tasnifu ya uzamifu kuhusu nomino za Kipsigis ilikubaliwa katika Chuo Kikuu cha New York. Sioni wivu; elimu haina mipaka. Lakini miti ya Londiani ina chuo chake cha misitu hapa hapa tangu 1957, ilhali lugha inayosemwa chini ya miti hiyo haina hata chumba kimoja cha utafiti katika kaunti nzima.

Lawama nyingine ni yetu wenyewe wahadhiri. Tunamfunza mwanafunzi sarufi miaka minne bila kumgusisha programu ya tarakilishi, na wenzetu wa upande wa pili wanafunza tarakilishi bila kutaja mofimu. Kampuni ikija kutafuta mtafiti huwaajiri wale, kisha wetu huitwa kurekodi nyanya zao. Na wafadhili nao wangeweza kudai kwamba kila mradi uache nafasi za kudumu za watafiti katika chuo husika, badala ya kuacha faili tu.

Nilimwendea mzee wiki iliyofuata. Nilimwambia amruhusu binti asome isimu, ila achukue pia masomo ya tarakilishi na takwimu, hata kama itambidi aombe kibali. Akaniuliza ni nani katika idara yangu afundishaye yote mawili pamoja. Nikamwambia hakuna bado. Pendekezo la kuanzisha somo hilo nimeliwasilisha mara mbili, na la tatu liko mezani pangu.