Viatu vya Wazee Wetu: Tuchague kwa Mguu, Si kwa Namba



Ndugu zetu katika imani, wazazi na vijana wa Batsinda na popote mlipo. Kila Idi inapokaribia tunaona jambo jema: baba anawapeleka watoto sokoni, kila mtoto anajaribu kiatu, anatembea hatua mbili tatu, anasema kinabana au hakibani. Lakini bibi na babu wa nyumba hiyohiyo wananunuliwa kwa kukisiwa. Mtu anauliza tu, "Bibi anavaa namba ngapi?" Anajibiwa 39, analipa, kazi imekwisha. Mtoto ambaye mguu wake ni mzima anapelekwa dukani, na mzee ambaye mguu wake umejaa maumivu analetewa nyumbani. Tunaona vyema tulizungumze jambo hili, kwani ni dogo machoni mwa watu, lakini limewafanya wazee wengi wakae nyumbani na kuikosa jamaa.

Ni lazima tufahamu kwamba mguu wa mzee si ule wa ujana wake. Kadiri umri unavyokwenda, mguu hutanuka, upinde wa unyayo hushuka, na nyama laini ya chini ya kisigino hupungua. Wengine huota nundu pembeni ya kidole gumba, vidole hukunjamana, na sugu hujitokeza pale kiatu kinaposugua. Mwenye baridi yabisi viungo humuuma. Mwenye maradhi ya moyo au figo miguu yake huweza kuvimba, na jioni ikazidi. Basi ile namba aliyoivaa miaka 20 iliyopita haitufai kitu. Urefu wa mguu waweza kubaki uleule, upana ukawa mwingine kabisa.

Mwenye kisukari jambo lake ni zito zaidi. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huua hisia za miguu. Mzee anatembea na kijiwe ndani ya kiatu tangu asubuhi na hana habari. Kijiwe kinafanya kidonda, kidonda hakiponi kwa sababu damu haifiki vizuri, na mwisho wake huweza kuwa ni kukatwa mguu. Kwa mtu huyu kiatu ni sehemu ya matibabu kama vile dawa yake.

Tena tukumbuke tunakoishi. Batsinda ni vilima. Mtu akitoka nyumbani lazima apande au ateremke, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Kandambili haina mshipi wa nyuma, hivyo mzee hulazimika kuibana kwa vidole kila hatua asije akaiacha njiani. Vidole vinachoka, mwendo unakuwa wa kuburuta, na kwenye mteremko anaanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, wapo wasiorudi kutembea tena.

Udongo wenyewe pia una madhara kwa asiye na viatu. Ule ugonjwa wa kuvimba miguu tunaouita imidido hauambukizi, wala si uchawi. Unawapata watu waliotembea peku miaka mingi katika udongo mwekundu wenye asili ya volkano. Uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2017 uliwakuta wagonjwa 914, na wataalamu wakakadiria kuwa Rwanda ina zaidi ya watu 6,000 wenye maradhi haya. Kinga yake ni viatu, na kuosha miguu kwa maji na sabuni. Na aliyekwisha kuvimba, ndiye asiyepata kiatu cha kumtosha dukani.

Watu wa Kigali huita mitumba caguwa, neno lililotokana na Kiswahili, "chagua". Zamani mzee aliweza kupekua rundo la caguwa akapata kiatu kipana cha ngozi laini kwa bei ndogo. Mwaka 2016 ushuru wa viatu vya mitumba ulipandishwa hadi dola 5 kwa kilo, ili viwanda vya nyumbani vikue. Hatuna ugomvi na lengo hilo. Ila kwa mwenye kipato kidogo maana yake ni moja: fedha ikitoka, isitoke kwa kiatu kitakachokaa chini ya kitanda. Hivyo basi, tuzingatie haya:

Kwanza, tumpeleke mzee mwenyewe dukani, na iwe alasiri au jioni, kwani mguu wa asubuhi ni mdogo kuliko wa jioni. Kama hawezi kwenda, asimame juu ya karatasi tumchore miguu yote miwili, kisha tuikate karatasi twende nayo. Karatasi ikikunjika ndani ya kiatu, kiatu hicho ni chembamba, tukiache.

Pili, tufuate mguu ulio mkubwa, maana mara nyingi miguu miwili hailingani. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Tatu, tutazame umbo. Mbele pawe papana, kisigino kiwe kifupi, nyuma pashike mguu, na soli iwe na meno ya kushika ardhi. Mshipi wa kubandika na kubandua ni bora kuliko kamba kwa mwenye vidole vigumu au mgongo unaouma, tena hulegezwa mguu unapovimba.

Nne, tusikubali maneno ya muuzaji kwamba "kitajiachia". Kiatu kinachobana dukani kitaumiza nyumbani.

Tano, mwenye kisukari asitembee peku hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa aingize mkono ndani ya kiatu atazame kama kuna jiwe au msumari. Kidonda chochote, hata kidogo, kipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, hilo ni la daktari, si la fundi viatu.

Sita, tusiwasahau mafundi wetu wa mtaani. Fundi mzuri anaweza kuitanua ngozi, kuongeza mshipi wa nyuma, au kuweka soli ya mpira wa gari kama ile ya rugabire, na ndani akatandika ngozi laini. Kwa mguu uliopinda sana, tuanzie kituo cha afya ili mzee aandikiwe rufaa. HVP Gatagara, wilayani Nyanza, kituo kilichoanzishwa na Padri Fraipont mwaka 1960, kinajulikana nchi nzima kwa kuwahudumia wenye ulemavu wa viungo.

Sasa tuje msikitini. Wapo wazee wenye viatu vizuri walivyonunuliwa na watoto wao, lakini wakija kuswali wanakuja na kandambili iliyochakaa. Sababu yake kila mmoja anaijua. Mlangoni viatu vinakanyagwa, vinachanganywa, na vingine havionekani tena. Mzee anafanya hesabu yake: bora nikose kandambili kuliko kiatu changu. Basi njia ya msikitini, anayoipita alfajiri gizani, ndiyo anayoipita na kiatu kibaya kuliko vyote.

Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuvaa viatu hali ya kuwa amesimama. Wanachuoni wameeleza kuwa makusudio ni viatu vinavyohitaji kufungwa, kwa kuchelea mvaaji asianguke au asitaabike. Je, katika misikiti yetu mzee atakaa wapi avae? Wengi wao wanaegemea ukuta kwa mkono mmoja huku watu wanapita kwa haraka.

Rai yetu ni hii. Kila msikiti uweke benchi moja mlangoni, na rafu ya viatu vya wazee iliyo usawa wa mkono ili wasiiname. Sisi walimu wa madrasa tunaweza kuwapangia wanafunzi zamu ya kuipokea na kuilinda rafu hiyo, nao wakajifunza adabu kwa vitendo. Mtu atasema msikiti una mahitaji makubwa zaidi, kama paa na maji. Ni kweli, lakini paa linamfaa aliyefika. Tunamzungumzia ambaye hafiki.

Na mzee ambaye kuosha miguu kila swala kunamtaabisha ajue kwamba dini ina ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu. Sharti azivae akiwa na tohara kamili, na ziwe zimefunika mguu pamoja na vifundo. Mkaazi ana mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu na usiku zake. Kuhusu soksi za kawaida wanachuoni wametofautiana, amuulize shekhe wake. Lakini ruhusa hiyo isimfanye mwenye kisukari akae bila kuitazama miguu yake. Kila siku ivuliwe, ioshwe, ikaushwe vizuri baina ya vidole, na mjukuu amtazamie nyayo kama macho yake hayaoni.

Wazazi hawa walitubeba mgongoni wakipanda vilima hivi hivi, wengine wakiwa peku. Idi ijayo, kabla ya kuuliza namba, tuchukue karatasi na kalamu, tuwaambie wasimame.

Allah awape wazazi wetu afya, awasamehe waliotangulia, na atujaalie kuwa wema kwao. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.