UKURASA WA FAMILIA: Kijana Anataka Kuwa Kipa

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari ya watoto wanaoandikishwa shule kwa kuchelewa. Mtusamehe, hiyo itangoja kidogo. Kuna mama alitufuata shuleni wakati wa mapumziko, tukiwa bado na chaki mikononi, akasema: "Walimu, nisaidieni. Baba watoto anataka kuuza cherehani yangu ili kijana aende kuwa kipa."

Majina tunayaficha. Ila tunajua si nyumba moja tu yenye mazungumzo haya siku hizi.

Kijana ana miaka 16. Anasoma kwetu, na tunakiri anadaka vizuri. Anavaa zile glovu za mafundi ujenzi, na mama yake amezishona vidole mara mbili kwa cherehani hiyo hiyo. Uwanja wetu mnaujua, kokoto tupu, na viwiko vyake vinaonyesha. Sasa alikuja bwana mmoja kutoka nje ya kambi, simu mbili mkononi, akamtazama mechi moja tu, akasema klabu ya ng'ambo inamtaka. Kinachotakiwa ni pesa ya fomu, pesa ya picha na pesa ya pasi. Na iwe haraka, kabla mwezi haujaisha.

Tukaenda kuongea na baba. Tulifikiri tutamkuta mtu aliyerubuniwa, lakini yule mzee anafikiri. Alituuliza: "Nyie walimu mnaona huu ni mchezo. Ule usiku wa Mpasi mlikuwa wapi?"

Tulikuwa pale pale alipokuwa yeye, kwenye banda la video, tumebanana kama dagaa. Ilikuwa tarehe 28 Januari 2024, Kombe la Afrika kule Ivory Coast, Kongo na Misri. Dakika 120 zikaisha 1-1. Penalti zikapigwa mpaka zamu ikawafikia makipa wenyewe. Kipa wa Misri akagonga mwamba. Akaja Lionel Mpasi wetu, akaweka mpira, akafunga. 8-7. Sote mnakumbuka kelele zilizopigwa, hata walinzi walikuja kuuliza kuna nini. Tangu usiku ule watoto wanagombania goli. Zamani aliyeshindwa kukimbia ndiye aliyewekwa golini.

Kwa hiyo baba ana haki ya kuota. Tulimwomba siku chache, tukamwahidi kumjibu kwa maandishi, na wengine mfaidike. Jibu ni hili.

Mzee wetu, kwanza tuangalie huyo huyo Mpasi. Usiku ule alikuwa na miaka 29. Hakuwa akidakia klabu kubwa, alikuwa Rodez, timu ya ligi ya pili kule Ufaransa. Wengi hapa kambini tulikuwa hatujui hata jina lake. Sasa mtazame na Robert Kidiaba, yule aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka kwa makalio. Februari 2015, Kongo ilipochukua nafasi ya tatu Afrika kwa penalti mbele ya wenyeji Guinea ya Ikweta, Kidiaba ndiye alikuwa golini, na alikuwa ametimiza miaka 39 wiki ile ile. Na Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia mwaka 2018 akiwa na miaka 45, tena akadaka penalti ya Saudi Arabia. Baba mwenye wajukuu, wengine hapa wangesema.

Unaona tunakoelekea. Mshambuliaji akifika miaka 32, 33, miguu inaanza kumwambia ukweli. Kipa ni tofauti. Kazi yake ni kusoma mchezo, kujua asimame wapi, kuwapanga mabeki kwa sauti, kutulia wakati wenzake wanapagawa. Mambo hayo yanaiva polepole. Kwa hiyo huyo anayesema "haraka, kabla mwezi haujaisha" hajui kazi ya kipa, au anaijua na anakudanganya. Kijana akimaliza sekondari na miaka 18 au 19, bado ana miaka ishirini mbele ya kudaka, kama Mungu akimjalia.

Lakini hatutaki na sisi kukudanganya. Si kweli kwamba shule ndiyo inayompeleka mtu langoni. Klabu za Ulaya zinawachukua watoto mapema, zinawalea na kuwafundisha kila siku, na kijana wetu hana mwalimu wa makipa, hana nyavu, wakati mwingine hana hata mpira. Wengi wanaodaka vizuri kambini hawatalipwa hata senti kwa kudaka. Hiyo tunaisema ingawa inatuuma, maana kati yetu walimu kuna aliyekuwa na ndoto hiyo hiyo.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaipigi. Timu ina nafasi moja tu ya kipa. Beki anaweza kuhamishiwa kiungo, winga anaweza kuingia dakika ya 60. Kipa wa pili anakaa benchi mpaka wa kwanza aumie au apewe kadi nyekundu, na ni mwenzake anayefanya naye mazoezi kila asubuhi. Hapa tunapenda habari ya familia ya Mandanda. Steve Mandanda alizaliwa Kinshasa mwaka 1985, akakulia Ufaransa. Wako ndugu wanne, Steve, Parfait, Riffi na Over, na wote wanne ni makipa! Mama yao sijui alikuwa anawalisha nini. Parfait alichagua kuidakia Kongo, Steve akachagua Ufaransa. Watu wengine walimlaumu Steve, lakini sisi hatuoni sababu ya kumlaumu mtu kwa nchi iliyomlea.

Sasa fuateni. Steve alianza timu ya taifa ya Ufaransa mwaka 2008. Kwenye klabu alikuwa mkubwa hasa, Marseille wakachukua ubingwa wa Ufaransa mwaka 2010 yeye akiwa golini, na akaichezea klabu hiyo mechi 613. Lakini kwenye timu ya taifa alikuwepo Hugo Lloris. Kombe la Dunia 2010, Steve alienda, hakucheza. Lile la 2014 akaumia shingo kabla, hakwenda. Mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia ni ile ya Juni 2018 dhidi ya Denmark, 0-0, Ufaransa ilikuwa imeshafuzu. Alikuwa na miaka 33. Amengoja miaka kumi. Baada ya hapo akarudi benchi, na mwisho akavishwa medali ya ubingwa kama wenzake. Alipoacha timu ya taifa mwanzoni mwa 2023, jumla ya mechi zake ilikuwa 35. Miaka karibu kumi na tano, mechi 35.

Mzee, wewe na sisi tunajua kungoja. Tumengoja mgao, tumengoja usaili, tumengoja jina litoke ukutani. Tunamuuliza kijana, si wewe: unaweza kungoja hivyo huku unafanya mazoezi kila siku kana kwamba kesho utacheza? Kama jibu ni ndiyo, basi ana kitu cha kipa ndani yake. Kwa sasa anatoroka kipindi cha kemia kwenda uwanjani, na hiyo si kungoja.

Tuje kwa yule bwana wa simu mbili. Hapa tunaomba kila mzazi asome taratibu, na asiyejua kusoma asomewe.

Sheria za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine. Yapo machache yanayoruhusiwa, kwa mfano familia ikihamia nchi nyingine kwa sababu zisizo za mpira, au mtoto akiwa amekimbia kwa ajili ya usalama wake. Lakini hata hapo maombi yanapelekwa FIFA na chama cha mpira cha nchi, hayapelekwi na mtu aliyekuja kwa bodaboda. Wakala wa kweli tangu mwaka 2023 anatakiwa awe na leseni ya FIFA aliyoipata kwa kufanya mtihani. Na wakala wa kweli analipwa sehemu ya mkataba, mkataba ukishapatikana. Hamwambii mama auze cherehani. Kuhusu pasi, hati ya kusafiria ya mkimbizi inatolewa na serikali ya nchi iliyotupokea. Hakuna wakala anayeitoa, hata awe na simu tano. Na mnajua hapa hata kwenda mjini tunahitaji kibali, sasa mtoto wa miaka 16 atatoka na karatasi gani? Akikamatwa njiani peke yake, yule bwana atakuwa wapi?

Tulimwomba kijana amuulize jina la klabu. Alijibiwa kwamba ni siri mpaka pesa ilipwe.

Turudi kwa Kidiaba kidogo, maana vijana wanafikiri bila Ulaya hakuna maisha ya kipa. Kidiaba alikaa Lubumbashi na TP Mazembe zaidi ya miaka kumi. Wakawa mabingwa wa Afrika 2009 na 2010. Desemba 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, kule Abu Dhabi, wakafungwa na Inter Milan 3-0. Alipoacha kudaka akafundisha makipa, baadaye akaingia siasa, akawa mbunge katika bunge la jimbo la Haut-Katanga. Mtu anayesimama bungeni lazima asome karatasi zilizo mbele yake. Hilo tulimwambia kijana, akacheka, lakini aliandika.

Kuna jambo jingine ambalo mama alitunong'oneza mlangoni wakati tunaondoka. Wiki ile timu ya bloku yao ilifungwa manne. Kijana alirudi, hakula, hakuongea siku mbili. Na nyumbani akatupiwa maneno: "Na wewe ndiye unataka kwenda Ulaya?"

Wazazi, kosa la mshambuliaji linasahaulika dakika hiyo hiyo, kosa la kipa linaandikwa kwenye matokeo. Kulikuwa na kipa wa Ujerumani, Robert Enke wa klabu ya Hannover, akidakia pia timu ya taifa. Mwaka 2006 alifiwa na binti yake mdogo. Novemba 2009 akajiua, akiwa na miaka 32. Mkewe alieleza mbele ya waandishi kwamba mumewe aliugua ugonjwa wa huzuni kwa miaka, na aliuficha kwa sababu aliogopa watu wakijua atanyang'anywa mtoto waliyekuwa wamemchukua kumlea. Mtu mwenye pesa, mwenye madaktari, aliogopa kusema. Vijana wetu wamebeba mambo ambayo hawakuyataja hata kwenye usaili. Mtoto akinyamaza siku mbili, msicheke. Washauri wapo zahanati, hawaulizi umefungwa magoli mangapi. Na akipigwa teke la kichwa akawa anaona kizunguzungu, atoke uwanjani na apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Petr Cech wa Chelsea alipasuka fuvu Oktoba 2006, akarudi kucheza Januari 2007, na tangu hapo alivaa kofia ya kumkinga mpaka alipoacha mpira mwaka 2019. Kijana wetu hana kofia.

Kipa mmoja zaidi, na huyu ni wa kwetu kwa namna nyingine. Milan Borjan alizaliwa Knin, Croatia. Mwaka 1995 vita viliwafukuza na wazazi wake, akiwa mtoto wa miaka saba, wakakimbilia Belgrade. Baadaye familia ikahamia Kanada. Kombe la Dunia 2022 yeye ndiye alikuwa kipa wa Kanada, na mpangilio ukawakutanisha na Croatia yenyewe. Mashabiki wa Croatia walimzomea mechi nzima kwa ukimbizi wake, wakatandika na bango la kuwadhihaki waliokimbia kwa matrekta. FIFA ilikitoza faini chama cha mpira cha Croatia. Kanada walifungwa 4-1, na Borjan alibaki golini mpaka filimbi ya mwisho. Wachezaji wengine wanakimbia huku na huku, maneno ya mashabiki yanawapita. Kipa anasimama mahali pamoja na watu wako mgongoni kwake. Anasikia kila neno.

Mzee wetu, hadi tunaandika haya cherehani bado ipo, mama ametuonyesha. Yule bwana amepiga simu mara mbili, mara ya pili amepunguza bei. Kijana bado amekasirika, na kemia yake bado ni mbaya. Tumekubaliana naye kwamba saa ya mazoezi ya makipa itaanza baada ya vipindi, na mlango uko wazi kwa wavulana na wasichana. Atakayekuja aje na daftari lake.

Jumamosi saa kumi kuna mechi ya marudiano na ile bloku iliyowafunga manne. Tunakuomba uje. Usikae pembeni na wazee wenzako, njoo usimame nyuma ya goli.