KISU CHA KUKUNJA: MAONI YA WENYE NACHO



Majuma machache yaliyopita niliwaomba katika ukurasa huu wale wenye visu vya kukunja wanipe maoni yao: wanavitumia kwa kazi gani, vyawasumbua wapi, na kama wangenunua tena cha namna ile ile. Sikutaka habari za visu vya fahari viwekwavyo kabatini, bali vile vya bei ndogo ambavyo mkulima au karani hutia mfukoni asubuhi pamoja na leso yake na funguo zake. Nilidhani nitapata barua mbili tatu tu. Mhariri ameniletea bahasha tele, na wengine wamenishika njiani. Mmoja alinifuata mpaka kazini kwangu, kisu kimekunjuliwa mkononi, akamtia askari wa mlangoni wasiwasi mkubwa.

Kisu kilichotajwa mara nyingi ni kile kiitwacho Okapi. Wengi wenu mtakuwa mmekiona: mpini wa mti wa rangi ya hudhurungi, uliopindika kidogo, umetiwa mapambo ya madini yenye umbo la mwezi na nyota, na nyuma yake pete ndogo ya kuvutia. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, nacho kilikusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani huku Afrika, wakati Tanganyika ilipokuwa mojawapo. Jina lake ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamempa jina la kitaalamu mwaka 1901 tu, naye alikuwa akizungumzwa sana siku zile. Tangu miaka ya 1980 kazi ya kukitengeneza imehamia Afrika ya Kusini. Basi kisu hiki ni mwenyeji wa bara letu kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tunaokibeba.

Jambo lililonishangaza katika barua hizi ni kwamba watu wenye kisu kile kile hawapatani hata kidogo. Mzee mmoja mchungaji asema chake amekaa nacho miaka kumi na moja, kimekata kamba, ngozi, miwa na kucha za mbuzi, naye hakitamani kingine. Kijana mmoja fundi wa baiskeli asema chake hakikuvuka msimu wa mvua wa pili, akakitupa chooni kwa hasira. Nilipowaandikia wote wawili niliwauliza swali moja tu: jioni ukiisha kazi, wakifanyaje kisu chako? Mzee alijibu kwamba hukifuta kwa kitambaa, na kila Jumapili hukitia tone la mafuta. Kijana alijibu kwa ufupi, “Nakifunga.”

Haifai kumcheka kijana huyu, maana hakuna aliyemwambia. Ubapa wa Okapi ni wa pua yenye kaboni, isiyotiwa kromu ya kuzuia kutu. Ile pua isiyoshika kutu, ya vijiko na vyombo vya hospitali, huwa na kromu sehemu kumi na zaidi katika kila mia. Ile ya kaboni haina kinga hiyo, lakini ina faida yake: hunoleka upesi kwa kinoo cha kawaida, hata kwa jiwe laini la mtoni, na huuzwa rahisi. Hasara yake ni kwamba maji ya chungwa, limau au embe yakikaa juu yake hata usiku mmoja huiacha nyeusi. Weusi ule peke yake si ubaya, nao hauna haja ya kusuguliwa kwa mchanga kama wafanyavyo wengine. Ubaya ni kutu nyekundu, na hasa kutu iingiayo kwenye kiungo, pale ubapa unapozungukia, mahali ambapo jicho halifiki.

Juu ya kutu ya kwenye kiungo ninayo habari yangu mwenyewe, nami nitaisimulia ijapokuwa hainipi sifa. Nilikuwa na kisu cha kukunja, si Okapi, kizuri cha kutosha, nacho nilijivunia. Jumamosi moja nilikwenda kumwamkia shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Njiani nilinunua machungwa, nikayamenya kwa kisu kile, nikakifunga bila kukifuta. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi. Usiku ule mvua ilinyesha. Kabla ya alfajiri tulisikia kishindo zizini. Mtamba wa shemeji alikuwa ameizunguka nguzo mpaka kamba ya katani ikamkaza shingoni, naye ameanguka upande wa mteremko, macho yametoka. Kamba iliyolowa haifunguki kwa vidole. Shemeji akaniambia, “Kisu, shemeji!” Nikakitoa, nikaingiza ukucha katika kijifuo, nikavuta. Hakikufunguka. Nikavuta mpaka ukucha ukavunjika. Mtoto alitumwa nyumbani kuleta panga, lakini panga lilikuwa limeachwa shambani siku ile, akarudi na kisu cha jikoni. Alipofika, kamba ilikatwa mara moja. Mtamba hakuinuka.

Alikuwa amewekewa karo ya binti wa kwanza, aliyekuwa aanze kidato cha kwanza mwezi uliofuata. Nilitoa nilichoweza kutoa, na binti yule alikwenda shule, amechelewa majuma matatu. Shemeji hakunilaumu kwa neno lolote. Lakini kisu kile nilikivunja kwa nyundo siku ya pili kazini, nikaona ndani yake: ubapa ulikuwa safi kama kioo, maana ubapa nilikuwa nikiufuta nilipokumbuka, bali kiungo chote kilikuwa unga mwekundu.

Basi mkulima anayetaka kisu cha kumwokoa mnyama wake usiku asiangalie makali peke yake. Akifungue na kukifunga kila jioni. Akiosha, na akikaushe kikiwa wazi mpaka asubuhi, kisha atie tone la mafuta kwenye kiungo. Mafuta gani? Ya cherehani yafaa sana, kwa kuwa hayagandi. Ila kama kisu hicho humenya matunda na kukata nyama, mafuta ya nazi kidogo ni bora. Mafuta mengine ya kupikia hugeuka kama ulimbo baada ya siku nyingi, na kisu kikawa kizito kuliko kilipokuwa na kutu.

Sasa nije kwa pete ile ya nyuma, kwa maana barua nyingi zaisifu na chache zailaumu. Kisu cha Okapi cha namna ya pete kina meno kwenye shina la ubapa. Ukifungua husikia ta-ta-ta, na kila jino huushika ubapa usirudi. Kukifunga ni lazima uivute pete. Seremala mmoja asema mlio ule ndio usalama wake, kwa sababu kisu chake cha kwanza hakikuwa na komeo, kikamfungia kidoleni alipokuwa akitoboa ubao, na kidole hicho hata leo hakikunjiki. Mwalimu mmoja yeye asema mlio ule humfanya aonekane mhuni. Nakubali kwamba jina la kisu hiki limeharibiwa kwingineko. Kule Jamaika, na huko huko Afrika ya Kusini kinakotengenezwa, kimetumiwa sana na watu waovu, hata sauti yake ikawa ya kuogopwa. Hilo si kosa la chuma.

Kwa wale wasiopenda mlio, wasomaji watatu wameniandikia habari za kisu cha Kifaransa kiitwacho Opinel, kilichoanzishwa na Joseph Opinel katika milima ya Savoie mwaka 1890. Huuzwa kwa namba kufuata ukubwa, na namba 8, ambayo ubapa wake ni sentimeta 8 na nusu, ndiyo yafaa mfukoni. Tangu mwaka 1955 kina pete ya chuma shingoni ambayo huzungushwa kuushika ubapa. Ni chepesi mno, na chaweza kununuliwa cha kaboni au cha pua isiyoshika kutu. Kwetu bei yake ni kubwa kuliko ya Okapi, na mpini wake wa mti una tabia moja ambayo mwenye kunyeshewa yafaa aijue: ukilowa huvimba na kuubana ubapa. Wenyeji wa Savoie wana dawa yao. Hulegeza pete, wakakigonga kisu kitako kwenye meza au jiwe, na ubapa hutokeza kiasi cha kushikika. Laiti ningalikuwa na dawa kama hiyo zizini.

Kuhusu kunoa, karibu kila mtu aliyeandika anasema ajua, na karibu kila kisu nilichoonyeshwa kimenolewa vibaya. Kosa ni kukiinamisha leo hivi na kesho vingine, mpaka makali yakawa ya duara. Chukua karatasi yenye pembe mraba, ikunje pembe ile iwe nusu, kisha ikunje tena iwe robo. Pembe nyembamba iliyobaki yatosha kuwa kipimo: iweke juu ya kinoo, uinue mgongo wa kisu kadiri hiyo, na usibadili. Maji kidogo, mkono mwepesi, idadi sawa kila upande. Dakika tano kila juma zatosha.

Mkulima mmoja wa miparachichi aliuliza kama kisu hiki chafaa kuunganishia miche. Kwa miche michache ya nyumbani chafaa, kikiwa na makali kama wembe. Lakini kisu cha kawaida hunolewa pande zote mbili, na hukata kwa kupinda, hali kikonyo na shina havishikani vizuri vikiwa na nafasi katikati. Kisu cha kuunganishia hunolewa upande mmoja tu, hukata tambarare. Mwenye kitalu na anunue hicho, asikitumie kwa kazi nyingine yoyote, na akisafishe kwa spiriti kila ahamapo mti, maana kisu hubeba ugonjwa kutoka mti mgonjwa hata mti mzima.

Makarani wenzangu wanalo lalamiko lao: milangoni pa majengo makubwa huambiwa waache visu kwa askari, na jioni askari amebadilishwa zamu na kisu hakionekani. Mimi huacha changu nyumbani siku za kwenda mahakamani au bandari ya ndege, kwa kuwa ndani ya ndege hakiruhusiwi pamoja na abiria. Tena sheria ya Kenya yakataza kuwa na silaha ya hatari katika mkutano wa hadhara au maandamano, na kumweleza askari kwamba ni cha kumenyea chungwa ni maelezo marefu. Mama mmoja auzaye mboga sokoni alinishangaza kwa akili yake: chake amekifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza. Hukata sukuma wiki nacho mchana kutwa, hakipotei, wala hakuna anayemwuliza kwa nini anakibeba.

Mimi sasa ninacho Okapi. Nimekaa nacho miaka sita. Kila nifikapo kwa shemeji yangu, yeye hunipa mkono wa kushoto, na wa kuume hunyoosha kiganja wazi. Namkabidhi kisu. Hukifungua, ta-ta-ta, hutazama kwenye kiungo, huvuta pete akakifunga, akanirudishia. Ndipo aniulizapo habari za watoto.